Marcel Lihau na mlango wa lugha

Mdogo wangu alishindwa mtihani wa kuingia kitivo cha sheria mwaka juzi. Alinipigia simu kutoka Kabambare jioni moja ambayo mtandao ulikuwa umetulia, akaniambia matokeo kwa sauti ya kawaida kabisa. Kisha aliniomba jambo moja: kwa kuwa mimi ni yaya wake na niko chuo kikuu, nimtafutie maswali ya miaka iliyopita pamoja na majibu yake, ayakariri, arudi tena mwaka unaofuata.

Kukariri hakukuwa tatizo lake. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 ina vifungu 229, naye alikuwa anavijua karibu vyote. Jioni, watu wakikaa nje kupunga upepo, walikuwa wakimtajia namba yoyote naye anatoa kifungu kwa Kifaransa bila kukwama. Lakini siku ya mtihani alipewa ukurasa mmoja wa maandishi ambayo hajawahi kuyaona, akatakiwa aufupishe, aeleze mwandishi anatetea nini, halafu aandike hoja ya kumpinga. Hakuna namba ya kifungu iliyoulizwa. Nusu ya karatasi yake ilibaki nyeupe.

Niseme pia kwa nini alitaka sheria. Miaka kadhaa iliyopita baba yetu aliweka kidole gumba kwenye karatasi ya Kifaransa aliyoambiwa ni ya kuandikisha shamba lake. Ilikuwa ya kuliachia. Shamba lilikuwa la babu, upande wa kuelekea Luama, na kila mtu pale anajua mipaka yake kwa miti na vichuguu. Baba anasema Kibangubangu nyumbani na Kiswahili sokoni, lakini karatasi haikuandikwa kwa lugha yoyote kati ya hizo. Tangu siku hiyo mdogo wangu aliapa kuwa wakili.

Mimi nasoma lugha. Wenzangu wa kitivo hiki mnajua swali tunaloulizwa tukienda likizo: lugha italisha nani? Kwa hiyo ombi la mdogo wangu lilinichoma mara mbili. Sikuwa na maswali ya zamani ya kumpa. Nikamwahidi badala yake kwamba nitatafuta jinsi Wakongomani wa kwanza walivyoingia kwenye sheria, wakati hapakuwa na maswali ya zamani wala kaka wa kuwatangulia. Ndivyo nilivyokutana na Marcel Lihau. Jina lake nilikuwa nimelisikia kwenye vipindi vya historia, nikamweka kwenye kundi la wakubwa wa Kinshasa. Sikujua kwamba mlango wake wa kuingilia sheria ulikuwa mtihani wa lugha.

Lihau alizaliwa tarehe 29 Septemba 1931 huko Bumba, mji ulio kwenye ukingo wa mto Kongo, katika mkoa wa Équateur wa wakati ule. Alisoma seminari ya Bolongo, kisha akaenda Kisantu, Kongo ya Chini, kwenye kituo cha masomo ya juu cha mapadri Wajezuiti. Kijana Mkongomani wa miaka ya 1950 aliyekuwa na akili nyingi angeweza kuwa padri, karani, mwalimu au msaidizi wa daktari. Sheria ilikuwa jambo jingine. Serikali ya kikoloni haikutaka Mkongomani ajifunze kazi ambayo ingemwezesha kusimama mbele ya jaji Mbelgiji na kumwambia kwamba amekosea.

Baadhi ya Wajezuiti waliona hilo si haki, wakaamua kutafuta pa kupenya. Mmoja wao alikuwa Willy De Craemer, padri na mwanasosholojia. Njia waliyoiona ilipita Ubelgiji kwenyewe, kwenye Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain. Ila mtu asiyekuwa na cheti cha sekondari kinachotambuliwa kule alilazimika kufanya mtihani mbele ya jopo la serikali lililoitwa Jury Central. Na Ubelgiji wa siku zile ulimdai mwanafunzi wa sheria awe amepitia masomo ya Kilatini na Kigiriki. Juu yake kukaongezwa Kiflemi, yaani Kiholanzi wanachosema Wabelgiji wa kaskazini.

Tutulie kidogo hapo. Kijana wa Bumba anataka kujifunza haki za watu wake. Ili aruhusiwe kuanza, anatakiwa aonyeshe kwamba anaweza lugha mbili ambazo hakuna mama anayembembelezea mtoto kwazo tena, pamoja na lugha ya tatu ambayo hata Wabelgiji wengi wanaosema Kifaransa hawakuijua vizuri. Kifaransa chenyewe hakikuhesabiwa kuwa mzigo, kilikuwa kama hewa ya shule. Hakuna hata swali moja la sheria.

Tunaweza kusema mtihani huo haukuwa wa haki, na ni kweli. Lakini Lihau na waliomsaidia hawakuishia kwenye malalamiko. Walitambua mtihani unapima nini hasa, wakafanya kazi hiyo hiyo. Mapadri walimfundisha Kilatini, Kigiriki na Kiflemi mpaka akawa tayari kukaa mbele ya jopo. Akafaulu, akaandikishwa Louvain, akawa miongoni mwa Wakongomani wa kwanza kabisa kusomea sheria.

Mimi nilipofika hapo niliweka kalamu chini. Mdogo wangu alikuwa amejiandaa kwa mtihani uliomo kichwani mwake, ule wa kutaja vifungu. Mtihani uliokuwa mezani ulikuwa wa kusoma na kuandika. Tena asilaumiwe peke yake. Shule zetu humwandaa mtoto kwa mtihani wa Serikali, ambao kwa sehemu kubwa humtaka achague jibu moja kati ya kadhaa na kuweka alama. Mtu anaweza kupata diploma ya Serikali kwa asilimia nzuri bila kuzoea kuandika kurasa mbili za hoja zake mwenyewe kwa saa moja.

Nirudi kwa Lihau. Kule Ubelgiji aliongoza umoja mdogo wa wanafunzi waliotoka Kongo na Ruanda-Urundi. Januari 1960 wanasiasa wa Kongo walipoitwa Brussels kwenye Mkutano wa Meza ya Duara, yeye na wanafunzi wenzake walikuwa karibu nao, wakiwashauri washike msimamo mmoja mbele ya Wabelgiji. Wajumbe walishikamana, na wakarudi na tarehe ya uhuru: 30 Juni 1960.

Uhuru ulikuta nchi karibu haina wasomi wa chuo kikuu. Idadi inayotajwa mara nyingi haifiki 20. Majaji wote walikuwa Wabelgiji, na wengi waliondoka katika wiki za fujo zilizofuata. Septemba 1960 Kanali Mobutu aliwasimamisha wanasiasa, akakabidhi wizara kwa wanafunzi na wahitimu walioitwa Makamishna Wakuu. Lihau akapewa Sheria. Alikuwa anatimiza miaka 29, na udaktari wake wa sheria alikuwa hajaumaliza.

Miezi hiyo siwezi kuiruka, hasa nikiandika nikiwa mtu wa Maniema, ambako jina la Lumumba bado hutajwa kama la ndugu. Waziri mkuu aliyekuwa amepewa imani na bunge aliondolewa, akakamatwa Desemba, akauawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, na Makamishna walikuwa bado madarakani. Mtu aliyevuka bahari kutafuta sheria alikaa kwenye kiti cha Sheria wakati sheria imefungwa kamba pamoja na mfungwa wake. Nilimweleza mdogo wangu hilo pia. Alinyamaza muda mrefu, akaniuliza kama ni lazima tumsome mtu huyu. Nilimjibu kwamba tumsome mpaka mwisho ndipo tuamue.

Baada ya hapo Lihau alifanya jambo ambalo wakubwa wachache hulifanya: alirudi kumaliza masomo. Januari 1963 alipata udaktari wa sheria Louvain. Akarudi kufundisha Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa ya leo, akawa mkuu wa kitivo cha sheria, Mkongomani wa kwanza kukishika kiti hicho. Mwaka 1964 alimwoa Sophie Kanza, ambaye mwaka huo huo alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kongo kuhitimu chuo kikuu, na miaka miwili baadaye akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri.

Mwaka huo wa 1964 ndio unaomleta Lihau karibu na kwetu, ingawa hakuja. Januari tume ya kuandika katiba ilianza kazi Luluabourg, mji tunaouita sasa Kananga, naye akawa katibu wake. Wakati wanaandika, vita vya Simba, ambavyo wazee wetu huviita wakati wa Mulele, vilianza upande wa Uvira na Fizi, vikapanda kuelekea Kabambare na Kasongo. Julai waasi waliingia Kindu. Katiba ilitangazwa tarehe 1 Agosti 1964, na katika orodha ya mikoa 21 aliyekuwa akisoma angeikuta Maniema. Huku Maniema hakuna aliyekuwa akisoma. Bibi yetu alikuwa msituni na watoto wawili mgongoni na mkononi. Mkoa wetu uliandikwa kwenye sheria kuu ya nchi bila wenyewe kujua, ukafutwa 1966 ulipounganishwa na Kivu, ukarudi 1988. Bibi alizisikia habari zote tatu baada ya kupita.

Mwaka 1968 Lihau akawa Rais wa kwanza wa Mahakama ya Juu ya nchi. Alikaa kwenye kiti hicho miaka saba, chini ya Mobutu yule yule aliyempa wizara akiwa kijana. Mwaka 1975 kulikuwa na wanafunzi waliokuwa wameandamana, na utawala ulitaka waadhibiwe vikali. Lihau alikataa kuitekeleza adhabu hiyo. Juni mwaka huo akaondolewa.

Kwangu mimi huo ndio mtihani wake wa pili. Wa kwanza alikuwa na mapadri wa kumfundisha, kamusi, na miezi ya kujiandaa. Huu wa pili hakuwa na mwalimu. Nadhani, na haya ni maoni yangu tu, kwamba mtu aliyekuwa kwenye kiti cha Sheria mwaka 1961 alijua mwaka 1975 anaulizwa swali gani.

Aliyobaki nayo yalikuwa maisha ya mpinzani. Mwaka 1982, nchi ikiwa na chama kimoja tu kinachoruhusiwa, alikuwa kati ya waanzilishi wa UDPS. Mwaka 1985 alikimbilia Marekani, akafundisha sheria ya katiba Harvard. Alirudi 1990, milango ya vyama vingi ilipofunguka. Sophie Kanza alifariki kwa ajali ya gari tarehe 2 Aprili 1999, na yeye akamfuata tarehe 9 Aprili, huko Boston. Alikuwa na miaka 67.

Likizo iliyofuata nilikwenda nyumbani. Kutoka Kasongo hadi Kabambare pikipiki ilituchukua siku nzima, kwa sababu ya mvua. Sikubeba maswali ya zamani. Nilibeba daftari mbili tupu, kamusi moja ya Kifaransa, na njia ya kusoma ambayo tumefundishwa hapa hapa kitivoni katika somo la tafsiri.

Njia yenyewe ni ya zamani. Roger Ascham, mwalimu wa Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza, aliieleza katika kitabu kilichochapishwa 1570 kwa ajili ya wanaojifunza Kilatini. Unachukua kipande cha maandishi, unakitafsiri kwa lugha yako, unaficha cha asili. Baada ya muda unakirudisha kwenye lugha ya kwanza bila kuangalia, kisha unalinganisha. Tofauti unazoziona ndizo somo lako la siku. Mtu aliyekariri tu hukwama kwenye hatua ya kwanza, kwa sababu huwezi kutafsiri usichokielewa.

Tulipanga hivi. Asubuhi, kabla ya jua kuwa kali, kifungu kimoja cha Katiba kinageuzwa Kiswahili. Jioni anakieleza kwa mdomo kwa mtu asiyejua Kifaransa, na mtu huyo lazima aulize swali moja. Usiku, tukiwasha taa ya sola, anakirudisha Kifaransa kwa maandishi. Mara mbili kwa wiki anaandika ukurasa mmoja wa hoja kwa saa moja, saa ikiwa mezani, kwa utaratibu ule ule: nini kimetokea, swali ni lipi, sheria inasema nini, upande mwingine ungejibu nini, mimi naamua nini. Nikamwambia atafute wenzake wawili, kwa sababu hata Lihau hakujifunza Kigiriki peke yake. Akawapata, mmoja msichana aliyekuwa darasa moja naye.

Wiki ya pili walifika kifungu cha 34. Kinasema mali ya mtu binafsi ni kitu kitakatifu, na kwamba Serikali inalinda haki ya mali ya mtu mmoja au ya jamii, iliyopatikana kwa kufuata sheria au desturi. Mdogo wangu alikuwa amekitaja kifungu hicho mara mia mbele ya watu. Jioni ile zamu ya kumsikiliza ilikuwa ya baba. Alipofika kwenye neno desturi, baba alimsimamisha, akamwomba arudie. Akarudia. Baba akauliza swali lake moja: kama desturi imeandikwa humo ndani, kwa nini shamba la babu lilihitaji karatasi?

Hakuna aliyejibu. Mdogo wangu aliingia ndani akatoka na daftari. Usiku ule walisoma kifungu cha 9, kinachoipa Serikali mamlaka ya kudumu juu ya ardhi, wakakiweka kando ya kifungu cha 34. Kesho yake nikawaonyesha sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973. Kifungu chake cha 53 kinaifanya ardhi yote kuwa mali ya Serikali. Vifungu vya 388 na 389 vinazungumzia ardhi wanayokaa na kulima jamii za vijijini, vikisema haki zao zitapangwa kwa amri ya Rais wa Jamhuri. Wakaandika kurasa nne, kila mmoja upande wake: mmoja kwa ajili ya baba, mmoja kwa ajili ya Serikali, msichana akiwa jaji. Waligombana mpaka bibi akawaambia wazime taa. Hakuna hata mmoja aliyetaja kifungu bila kukieleza.

Nilisoma zile karatasi asubuhi. Kifaransa kilikuwa na makosa ya jinsia ya majina na ya nyakati za vitenzi, nikayapigia mstari yote. Lakini hoja zilikuwa zinatembea. Ningemwonyesha jaji yeyote.

Ndugu zangu wa kitivo, na walimu wetu, sababu ya kuandika haya katika jarida letu si kumtukuza Lihau. Alikuwa na miezi ya giza, nami nimeitaja. Nimeandika kwa sababu ya lile swali la likizo. Mlango wa sheria katika nchi yetu ulikuwa lugha wakati wa Wabelgiji, na hata leo ni lugha. Katiba yetu inatambua lugha nne za taifa, Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba, lakini karatasi aliyowekewa baba chini ya kidole haikuandikwa kwa hata moja. Kati ya karatasi hiyo na baba pana nafasi ya mtu anayejua lugha zote mbili, na sisi ndio tunaofundishwa kazi hiyo. Tukienda likizo tunaweza kukaa na watoto wa mtihani jioni moja moja, daftari na taa. Haigharimu zaidi ya hapo.

Mdogo wangu amerudia mtihani mwezi uliopita. Alitoka akanipigia simu, akasema walipewa ukurasa wa maandishi kuhusu maji ya mito inayopita nchi mbili, na kwamba safari hii karatasi haikumtosha, aliomba ya pili. Matokeo bado. Baba ameanza kujifunza kusoma kwa Kiswahili, kwa msichana yule aliyekuwa jaji. Amesema karatasi ijayo ataisikiliza kwanza, ndipo atoe kidole.